Je, Arafa Itakufa?

Arafa ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, nayo ilikuwa salamu za Krismasi. WhatsApp ilianza mwaka 2009, na leo vijana wengi hawataki jingine, kwani hubeba picha na sauti pia. Je, arafa itakufa? Sidhani. WhatsApp yahitaji intaneti. Arafa moja, yenye herufi 160 tu, humfikia hata mwenye kabambe. Habari za fedha za M-Pesa huja kwa njia hiyo hiyo. Basi, ndugu yangu, mazishi yakitangazwa katika kundi la WhatsApp peke yake, shangazi yako mzee kijijini atapata habari kaburi limekwisha kufukiwa. Kabla hujalala leo, mwandikie arafa. Kwaherini.