Wajifunzao Pamoja Kuwauguza Wagonjwa



Waalimu wenzangu, nanyi wakristo wote mliokuja kwa Jubilei, nimeombwa kunena habari za mafundisho, nami nitawapeleka mbali kidogo, mpaka mji wa Linköping katika nchi ya Sweden. Huko, tangu mwaka 1986, wanafunzi wa uganga, wa uuguzi na wa kunyoosha viungo huanza masomo pamoja katika vikundi vidogo. Mwaka 1996 wakapewa na wodi, wanafunzi wenyewe wawahudumie wagonjwa, waalimu wakiwasimamia.

Mtasema, yatuhusu nini? Nalikwenda kumzuru mkristo mmoja katika hospitali ambayo sitaitaja. Mganga alimwandikia vidonge, mtoa dawa akavitoa vivyo hivyo. Mwuguzi aliyemlisha uji alijua ya kuwa mgonjwa hawezi kumeza kitu kigumu, lakini aliogopa kunena mbele ya Bwana Mganga; wala hakufundishwa kamwe kunena naye. Siku tatu vidonge vilikaa chini ya mto wa kulalia. Aliyeviona ni mke wa mgonjwa, alipokuwa akitandika. Bwana Mganga alipoambiwa alisikitika sana, akaagiza dawa ya maji saa ile ile.

Basi vijana hawa, wa uganga na wa uuguzi, walikaa dawati moja katika shule zetu. (Sisi makatekista nasi twawajua waalimu wa shule kwa salamu tu.) Kisha hutengwa miaka mingi vyuoni, nasi twastaajabu kwamba hawasemezani. Ninyi wazazi mpelekao watoto huko, waulizeni wakuu wa vyuo jambo hili.