Hanuman wa Thailand na Mwanawe wa Baharini
(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia nije kusema juu ya utafiti, nadhani alitazamia habari za makadirio na majalada, maana ndiyo kazi inayonipa riziki. Mtanisamehe. Nitasema juu ya kima.

Nilipokuwa Chuo Kikuu nilitakiwa kuandika insha ndefu juu ya hadithi iliyohama nchi. Nikaichagua Ramayana, utenzi mkuu wa Wahindi, nikaifuata mpaka Thailand, ambako huitwa Ramakien. Kisa kwa ufupi ni hiki: mwana wa mfalme, Rama, aliibiwa mkewe na mfalme wa majitu mwenye vichwa kumi, akamkomboa kwa msaada wa jeshi la kima. Shujaa wa kima hao ni Hanuman.

Huko India Hanuman anaabudiwa. Ni mtumishi mwaminifu, tena asiyegusa mwanamke. Kwa Wathai ni askari mweupe, mcheshi na mjanja, na kwa wanawake hana simile. Mimi kwa ujuvi wa ujana nikaandika ya kwamba hadithi ilipofika Thailand iliharibika. Mwalimu wangu hakunibishia. Aliandika pembeni kwa wino mwekundu: “Nani aliiharibu, lini, nawe umejuaje?” Maswali matatu, na sikuwa na jibu hata la moja.

Ikanibidi nianze upya. Nikaona kwanza kwamba Ramakien si hadithi ya kuokotwa njiani. Mji mkuu wa kale, Ayutthaya, ulitekwa na kuteketezwa na Waburma mwaka 1767, na maandishi mengi yakapotea. Mfalme Rama wa Kwanza, aliyeufanya Bangkok kuwa makao makuu mwaka 1782, ndiye aliyeisimamia kazi ya kuiandika tena mwaka 1797. Ukutani mwa baraza za hekalu la Wat Phra Kaew kisa hicho kimechorwa katika picha 178. Huchezwa pia katika ngoma ya vinyago iitwayo khon, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya urithi mwaka 2018.

Lakini kilichonishinda hasa ni habari ya mtoto. Wathai husema kwamba kima walipokuwa wakijaza mawe baharini ili jeshi livuke, mawe yalitoweka. Hanuman akazama, akamkuta Suphannamatcha, nguva, binti wa yule mfalme wa majitu, ametumwa na baba yake kuyaondoa. Ugomvi ukageuka mapenzi, mawe yakarudishwa, akazaliwa Matchanu, mwenye mwili wa kima na mkia wa samaki. Hapo ndipo nilipoandika neno “kuharibika”, tena nikalipigia mstari.

Kumbe Wahindi nao wanaye mtoto huyo! Wao humwita Makardhwaja. Husimulia kwamba Hanuman alipojipoza baharini tone la jasho lake lilimezwa na samaki, na samaki akachukua mimba. Mtoto yupo, na usafi wa baba haukuguswa. Wamalai pia, katika Hikayat Seri Rama, wanamjua mwana wa Hanuman aliyezaliwa na samaki. Kwa hiyo Wathai hawakumzua mtoto huyu. Kila msimulizi alijibu kwa njia yake swali moja: mtoto kapatikanaje? Nami, nikiwa nimesoma jibu moja, nilikuwa nimekwisha hukumu jingine.

Vijana, sikilizeni yaliyompata Matchanu. Alilelewa na Maiyarap, mfalme wa kuzimu, akawekwa kulinda ziwa. Maiyarap akamwiba Rama usiku, Hanuman akafuata, baba na mwana wakapigana bila kujuana, asishinde mtu. Kijana alipomtaja baba yake, Hanuman alimwambia ndiye. Hakusadiki. Mama yake alikuwa amemwambia kwamba baba yake akipiga miayo hutoa mwezi na nyota, basi Hanuman akapiga miayo, vikatoka.

Sasa afanye nini? Kumwonyesha baba njia ni kumsaliti aliyemlea, na kumzuia ni kumpinga aliyemzaa. Katika masimulizi ya Kihindi Hanuman humshinda mwanawe, akamfunga, akapita. Matchanu wa Wathai hafungwi. Hasemi njia iko wapi, ila anamdokezea baba kwa fumbo tu. Hanuman akaelewa, akavunja shina la yungiyungi mle ziwani, akapenya ndani yake mpaka kuzimu.

Insha niliirudia yote, nikachelewa kuileta, nikakatwa alama. Ile ya kwanza bado ninayo, pamoja na wino wake mwekundu.