Deni la Usingizi

Jioni hii tunataka kuzungumza nanyi habari ya jambo ambalo kila mtu hulifanya na wachache huliwaza, nalo ni usingizi. Huenda mmoja wenu akasema, "Mwalimu huyu amekosa la kufundisha. Nani asiyejua kulala?" Ni kweli, kulala hakuhitaji shule. Lakini hata kula hakuhitaji shule, walakini wako watu wengi wanaodhoofika kwa kula vibaya. Ndivyo ilivyo na usingizi.

Tangu zamani twasema kwamba usingizi ni ndugu wa mauti. Neno hili limetupoteza kidogo, maana latufanya tudhani kwamba mtu aliyelala ni kama jahazi lililotia nanga, hakuna kazi inayotendeka ndani yake. Sivyo. Mtu mzima anapolala vema, nguvu ya damu katika mishipa yake hushuka, na moyo hupata nafuu. Mwili hutengeneza yaliyochakaa mchana. Ubongo nao huyapanga mambo tuliyojifunza, kama karani apangaye barua zake baada ya watu kuondoka. Kazi hii huenda kwa mizunguko, na kila mmoja huchukua kadiri ya dakika 90. Usingizi mzito huwa mwingi katika sehemu ya kwanza ya usiku, na usingizi wa ndoto huzidi kuelekea alfajiri. Kwa hiyo mtu anayeukata usiku wake hukatiza kazi kabla haijaisha.

Je, mtu mzima ahitaji kulala saa ngapi? Mwaka 2015 waganga wa Marekani wanaoshughulika na usingizi walikutana, wakapima mambo mengi yaliyochunguzwa, wakashauri kwamba mtu mzima alale saa 7 au zaidi kila usiku. Anayelala pungufu ya hapo, siku nenda siku rudi, yu karibu zaidi na maradhi ya moyo, ugonjwa wa kisukari, na nguvu ya damu iliyozidi. Hata mafua humpata upesi. Mwaka 2009, huko huko Marekani, wataalamu walichukua watu 153 wenye afya, wakawatia puani virusi vya mafua. Waliokuwa wakilala chini ya saa 7 waliugua karibu mara 3 kuliko waliokuwa wakilala saa 8 au zaidi.

Sasa, wasikilizaji, sikilizeni jambo lenye hatari zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania watu wazima walifanyiwa jaribio, na habari zake zikatangazwa mwaka 2003. Baadhi yao waliruhusiwa kukaa kitandani saa 6 tu kila usiku kwa siku 14. Kila siku walipimwa wepesi wa akili. Wepesi huo ulipungua siku hata siku, na mwisho wa majuma mawili walikuwa kama watu waliokesha usiku mzima au hata miwili. Lakini walipoulizwa hali zao, walisema wamechoka kidogo tu. Walikuwa wamezama katika deni, nao hawakujua kwamba wanadaiwa.

Wazee walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Usingizi nao hukopwa kwa furaha: kwa ngoma, kwa mazungumzo, kwa pesa ya kazi ya ziada. Lakini mwili huandika kila kitu katika daftari lake, na siku ya kudai hauchagui mahali pazuri. Humdai dereva akiwa njiani. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa wepesi sawa na mtu aliyekunywa pombe kiasi. Hesabuni wenyewe: aliyeamka saa 11 alfajiri, ikifika saa 4 usiku amekwisha kutimiza saa hizo 17. Hakuonja tone la pombe, bali mikono na macho yake ni kama ya mnywaji.

Labda mtu atatujibu, "Babu zetu hawakuwa na saa wala waganga wa usingizi, nao waliishi." Jibu hilo lina haki yake, natulitazame. Karibu na Ziwa Eyasi, katika Tanganyika ya zamani ambayo leo ni Tanzania, wako Wahadzabe, ambao wengine wao hata sasa huishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Wataalamu waliwapima pamoja na watu wengine wawindaji wa Namibia na Bolivia, wakatangaza habari zao mwaka 2015. Waliona kwamba watu hawa hawalali mara jua linapotua, bali hukaa kadiri ya saa 3 na zaidi kidogo. Usingizi wao wenyewe, ulipopimwa, haukuwa mrefu sana, kati ya saa 5.7 na 7.1. Lakini muda waliojitengea wa kulala ulikuwa kati ya saa 6.9 na 8.5, na wakati wao wa kuamka haukubadilika-badilika. Yaani, waliupa usiku nafasi yake.

Tena likapatikana jambo jingine kwa hao Wahadzabe, likatangazwa mwaka 2017. Watu wazima 33 walipimwa kwa siku 20. Katika siku zote hizo, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Mmoja akilala, mwingine yu macho. Wengine walilala mapema, wengine wakachelewa, na hivyo kambi haikukosa mlinzi, ingawa hakuna aliyepewa zamu.

Habari hii ilitufanya tutazame nyumba yetu wenyewe. Hapa hatuna budi kukiri kosa. Chuoni, tunakofundisha vijana watakaokuwa walimu, kwa miaka mingi tulimsifu mwanafunzi ambaye taa yake huzimwa mwisho. Siku moja tulimkuta mmoja wa hao tuliowasifu amesimama mbele ya watoto, chaki mkononi, naye amesahau sentensi aliyokwisha kuianza. Tukaona haya, maana sisi ndio tuliomfundisha kukopa.

Tuliporudi nyumbani, tulichukua daftari tukaandika kwa juma moja saa za kulala za kila mtu. Baba wa nyumba alilala saa 4 usiku akaamka saa 12 asubuhi, jumla saa 8. Watoto walilala zaidi ya hapo, kama iwapasavyo. Mama wa nyumba alilala saa 5 usiku, baada ya kuosha vyombo na kuloweka maharage. Akaamka saa 10 alfajiri kuteka maji na kuwasha moto, jumla saa 5. Kila usiku alipungukiwa saa 2. Katika juma zima ni saa 14, nazo ni sawa na usiku 2 mzima. Na sisi tulikuwa tukimwuliza kwa nini kichwa chamwuma, na kwa nini amekuwa mwepesi wa hasira!

Wasikilizaji, katika nyumba nyingi usingizi hugawanywa kama nyama ya zamani: wakubwa kwanza, na anayepika hupata mchuzi. Kwa Wahadzabe kukesha kumegawanyika kwa wote. Kwetu sisi kulikuwa kwa mtu mmoja. Basi tulifanya shauri. Maji huchotwa jioni na vijana wetu wa kiume. Kuni hupasuliwa na kupangwa kabla ya giza. Vyombo huoshwa na waliokula. Baba huamka kuwasha moto siku tatu katika juma. Hatusemi kwamba tumeona miujiza, wala deni la miaka halilipwi kwa siku moja. Lakini daftari sasa laonyesha saa 7 mahali palipokuwa na 5, na nyumba ina utulivu ambao haukuwapo.

Ili maneno haya yasiwe ya kusikika tu, chukueni mashauri machache. Kwanza, amkeni wakati ule ule kila siku, hata siku ya mapumziko. Ndani ya mwili imo saa, nayo hutiwa majira na mwanga. Mwaka 2017 wataalamu watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi saa hiyo iendavyo, nao waliichunguza katika inzi wadogo wa matunda. Kwa hiyo tokeni nje asubuhi mpate mwanga wa jua, na usiku punguzeni taa, na simu ya mkononi msiilaze kitandani. Pili, acheni kahawa na chai kali tangu alasiri. Nusu ya nguvu ya kahawa yaweza kubaki mwilini baada ya saa 5. Kahawa hailipi deni, humzuia tu mdai asibishe hodi. Tatu, msitafute usingizi katika pombe. Humlaza mtu upesi, kisha huukatakata usingizi wake baadaye. Nne, tumieni chandarua. Mbu wa malaria huuma usiku, na homa ni adui wa usingizi na wa uhai pia.

Na ikiwa mtu amejitengea saa za kutosha, walakini yu macho usiku mwingi kwa miezi, au akikoroma pumzi hukatika kisha hushtuka, asione haya kwenda kwa mganga wa hospitali. Hiyo si kasoro ya tabia. Ni ugonjwa, na una matibabu.

Mabibi na Mabwana, dawa ya deni ni kulipa. Usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, tazameni ndani ya nyumba zenu, mwulizane: ni nani angali amesimama? Mtu huyo ndiye anayewakopea ninyi nyote. Mpokeeni kazi iliyo mkononi mwake, mwambieni akalale. Nasi tumefika mwisho wa maneno yetu. Kwaherini, na laleni salama.