Aibu ya Kisiwani na Aibu ya Simu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Jumuiya, Gisenyi)



Katika ziwa Bunyonyi, ng'ambo ya mpaka wetu na Uganda, kiko kisiwa kidogo mno kiitwacho Akampene. Zamani, msichana wa Kikiga aliyeonekana ana mimba kabla ya ndoa alichukuliwa kwa mtumbwi akaachwa huko, hana chakula wala moto. Wengi hawakujua kuogelea. Wakafa maji, au wakafa kwa njaa na baridi. Shabaha ilikuwa kuwatisha wasichana waliobaki nyumbani. Desturi hiyo ilidumu hata ndani ya karne ya 20. Na mwanamume aliyempa mimba? Yeye alibaki kijijini.

Ulikuwa ukatili, wala sisemi neno la kuutetea. Lakini hata ukatili ule ulikuwa na mlango: maskini asiye na ng'ombe wa mahari aliweza kupiga kasia mpaka kisiwani, akamchukua binti yule akamwoa.

Ramadhani moja iliyopita, kijana wa mji wetu huu alipigwa picha kwa simu akila mchana. Jina lake sitalitaja, nanyi msiulizane. Aliyempiga hakumwuliza kama ni mgonjwa. Kabla ya magharibi picha ilikwisha fika Goma, wala hapana afisa wa mpakani aliyeisimamisha. Baadaye ikajulikana kuwa alikuwa katika matibabu. Habari hiyo ya baadaye haikutumwa na mtu. Mimi nami niliiona picha ile, nikacheka.

Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11 na ya 12, imetukataza kudharauliana, kupachikana majina mabaya, kupelelezana na kusengenyana. Tunazisoma, kisha twatoka msikitini simu i mkononi. Wengine husema mkosaji afedheheshwe hadharani ili wenziwe waogope. Hoja hiyo ndiyo ile ile iliyowapeleka mabinti Akampene. Mwenye kutaka kumwonya ndugu yake, na aende akampigie hodi.

Tangu siku ile kijana huyo huswali nyumbani. Nilikwenda kumtaka radhi. Alinipokea kwa adabu, akanitilia chai, wala hakulitaja jambo lile.

Naomba kila mwenye picha ile aifute usiku huu. Na aliyeipiga, kama yumo humu, namwomba anifuate baada ya Isha. Njia ya kwao ninaijua, tutakwenda wawili.