Karatasi Mkononi: Safari ya Gari Kutoka Dodoma Hadi Kigali

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano mkuu wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa)



Kamati iliponiandikia barua ilinipa mada moja na dakika ishirini. Mada ni safari ya gari niliyoifanya mwezi Julai 2023 pamoja na wenzangu watatu, wote tuliosoma hapa, kutoka Dodoma hadi Kigali kwa njia ya Rusumo. Dakika ishirini zitatosha iwapo sitagusa habari za chakula. Najua wenzangu wale waliokaa nyuma watanung'unika, kwa kuwa wao safari nzima wanaikumbuka kwa kuku wa Singida.

Mimi ni mtumishi wa serikali kwa miaka zaidi ya ishirini sasa. Kazi yangu ni majalada, barua na mihuri. Kwa hiyo mtanivumilia nikiitazama safari kwa jicho la mtu wa ofisini. Ninalotaka kusema ni hili: mpakani mtu husomwa kwa karatasi yake kabla hajasikilizwa kwa kinywa chake. Basi anayevuka na ajue kubeba karatasi, na anayekaa dirishani ajue kumsoma mtu.

Nianze na anayevuka. Kila mmoja wetu alikuwa na pasipoti isiyokaribia kwisha muda, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Gari lilikuwa na kadi yake halisi ya usajili, si kivuli. Mwenye gari tulikuwa naye, jina lake ndilo lililoandikwa kwenye kadi. Lingekuwa gari la kuazima, tungehitaji barua ya mwenyewe kwamba ameturuhusu kulivusha. Bima ya kawaida ya humu nchini huishia mpakani, na ng'ambo inatakiwa ile inayojulikana kama Kadi ya Njano, ambayo ni vizuri kuikata mapema. Tena kuna kibali cha forodha cha kuingiza gari kwa muda, chenye tarehe yake ya mwisho. Karatasi zote tuliziweka katika faili moja, na faili tukamkabidhi mwenzetu aliyekuwa kiranja wa bweni enzi zetu. Tulijua hatalipoteza, kwa sababu hata majina ya waliochelewa kuamka mwaka 1996 bado anayo kichwani.

Tulitoka Dodoma alfajiri, tukapita Singida na Nzega, tukalala Kahama. Siku ya pili tukashika njia ya Ushirombo, Nyakanazi na Lusahunga. Wazee mliomo humu mnaikumbuka ile misitu ya Biharamulo wakati magari yalipokwenda kwa msafara, yakisindikizwa na polisi wenye silaha kwa hofu ya majambazi. Kutoka Lusahunga hadi Rusumo ni kama kilomita 90, na magari mengi tuliyopishana nayo yalikuwa malori. Rwanda haina bahari. Mafuta, saruji, ngano na vyuma vinavyoshushwa bandarini Dar es Salaam husafiri kama kilomita 1,500 kufika Kigali, na vingi hupita kwenye daraja moja tu, la Rusumo.

Wanafunzi wa jiografia wanisikilize hapa. Karibu na Rusumo ndipo mto Ruvubu utokao Burundi unapoungana na maji yatokayo Rwanda, na kutoka hapo mto Kagera unateremka kwenye maporomoko, unazunguka kaskazini kisha mashariki, mpaka Ziwa Victoria. Pale kwenye maporomoko nchi tatu, yaani Tanzania, Rwanda na Burundi, zimejenga kwa pamoja kituo cha umeme cha megawati 80, na umeme huo hugawanywa sawa kwa sawa. Mto ule ule unaotutenganisha ndio unaotuwashia taa.

Daraja la zamani lilikuwa jembamba, magari yakipita kwa zamu. Daraja jipya la njia mbili, lililojengwa kwa msaada wa Japani, lilifunguliwa rasmi tarehe 6 Aprili 2016 na Rais Magufuli na Rais Kagame, pamoja na kituo cha pamoja cha mpakani. Utaratibu wa kituo hicho ni mwepesi kuueleza. Zamani ulisimama upande wa kwetu ukagongewa mhuri wa kutoka, ukavuka, ukasimama tena upande wa pili ukagongewa wa kuingia. Siku hizi unapokwenda Rwanda unavuka moja kwa moja, unasimama upande wao tu. Ndani ya jengo lile utamkuta ofisa wa Tanzania anayekutoa, na jirani yake ofisa wa Rwanda anayekupokea. Unaporudi, mambo ni hayo hayo kwa upande wetu.

Mnaweza kuona ni jambo dogo, la kupunguza foleni moja. Kwa sisi wanne lilikuwa dogo kweli. Lakini nyuma yetu alisimama dereva wa lori, mtu mzima, amefunga kanga kiunoni juu ya suruali kwa baridi. Nikamwuliza kazi inakwendaje siku hizi. Akanijibu, "Bwana mkubwa, mhuri wenyewe ni dakika moja. Kuutafuta mhuri ndiko kunakokula siku." Alinieleza kwamba katika mipaka mingi aliyopita ujanani alilala chini ya lori usiku mbili tatu kwa ajili ya karatasi moja iliyobaki mezani kwa mtu aliyekwenda kula. Usiku huo mwenye lori hakulipwa, mwenye mzigo hakupata mzigo, na mama wa Kigali akanunua sukari kwa bei ya juu bila kujua kwamba sehemu ya bei ile ni chakula cha mchana cha karani.

Tulipotoka kituoni dereva wetu akahamia kulia. Kwetu gari hupita kushoto. Rwanda hupita kulia. Wanafunzi wa historia wanajua kisa chake. Hadi mwaka 1916 pande zote mbili za mto zilikuwa chini ya Wajerumani. Baada ya Vita ya Kwanza, Rwanda ikawekwa chini ya Wabelgiji na Tanganyika chini ya Waingereza, na kila mtawala akaleta barabara kwa desturi ya kwao. Hata hiyo Gisaka, nchi unayoikanyaga mara tu ukivuka Rusumo, mapatano ya mwaka 1919 yaliitia upande wa Waingereza, na haikupita miaka mingi ikarudishwa Rwanda. Mstari ulichorwa mezani, ukafutwa mezani, na wenyeji wa Gisaka hawakuwapo mezani.

Kwa dereva wa Tanzania kupita kulia kuna hatari moja ya kuangaliwa. Usukani wa gari letu uko kulia. Ukiwa upande wa kulia wa barabara, huoni mbele ya lori unalotaka kulipita. Aliyekaa kiti cha kushoto ndiye anayeona. Kwa hiyo tuliweka sheria: bila abiria wa kushoto kusema "njia nyeupe" mara mbili, dereva halipiti gari lolote. Tukaenda hivyo kupitia Kirehe, Ngoma, Kayonza na Rwamagana, milima ikipanda na kushuka, hadi Kigali. Na saa zetu tukazirudisha nyuma, maana Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja: tulivuka saa nane mchana tukajikuta ni saa saba. Mwenzetu mmoja akadai chakula cha mchana kwa mara ya pili.

Wahenga walisema ukifika kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Rwanda tangu mwaka 2008, miaka kumi na moja kabla ya kwetu. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi asubuhi ni umuganda, kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi. Panga safari yako ukijua hilo. Lugha haikutusumbua. Kiswahili kilipitishwa kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, nao madereva na wafanyabiashara walikuwa wakikitumia tangu zamani. Hata hivyo mgeni akianza kwa "Muraho" na kumaliza kwa "Murakoze", uso wa mwenyeji hufunguka kabla ya mlango.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nageukia upande wa pili wa maneno yangu, na naomba wanafunzi wanisikilize kwa utulivu.

Mwaka 1994 nilikuwa kidato cha kwanza katika shule hii. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza Rwanda mwezi Aprili mwaka huo, na kwa muda wa siku mia moja hivi wakauawa watu zaidi ya laki nane. Mwishoni mwa Aprili, katika muda wa kama siku moja, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia wilaya ya Ngara, na kambi ya Benaco ikawa mji. Katika umati ule walikuwamo wasio na hatia yoyote, na walikuwamo pia waliotoka kuua. Wote walivuka daraja moja. Chini ya daraja mto ulikuwa ukichukua miili ya waliouawa, ukaifikisha hadi Ziwa Victoria, na wapo watu wa mwambao wa ziwa walioacha kula samaki.

Tukiwa Kigali tulikwenda Gisozi, kwenye kumbukumbu ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Kilichonikaa moyoni mimi, mtu wa majalada, ni habari ya kitambulisho. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji ulitoa vitambulisho vilivyoandikwa kama mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Uhuru ukaja, vitambulisho vikabaki na neno lile. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, mtu aliambiwa atoe kadi, na neno moja lililoandikwa na karani zamani ndilo lililoamua kama atapita au atakufa pale pale. Kitambulisho cha Rwanda cha leo hakina neno hilo.

Jioni tulikaribishwa nyumbani kwa mwenzetu, ambaye ndiye tuliyemfuata. Waliosoma nasi wanamkumbuka: golikipa wetu, mrefu, mpole. Wazazi wake walikimbilia Tanzania na wakimbizi wa miaka ya mwanzo ya 1960. Yeye alizaliwa Karagwe. Wazazi waliporudi kwao baada ya 1994 alibaki hapa bwenini mpaka akamaliza kidato cha nne. Baada ya chakula akaingia chumbani akatoka na bahasha. Ndani yake mlikuwa na cheti chake cha kumaliza shule hii, kimehifadhiwa vizuri kuliko changu. Akasema, "Hiki ndicho kilichonipa kazi ya kwanza. Nilifika sina jamaa mwenye cheo wala shamba. Walisoma hapa: jina, masomo, tabia njema. Basi." Tulikipitisha mkononi mmoja baada ya mwingine. Hakuna mahali kilipoandikwa kabila lake, wala wazazi wake walivuka mto lini. Aliyekiandika alikuwa karani wa shule hii, na nadhani aliandika vyeti hamsini siku ile akitamani kwenda nyumbani. Lakini alikiandika sawasawa.

Ndugu wanafunzi, miongoni mwenu watatoka maofisa wa uhamiaji, wa forodha, maafisa watendaji, manesi, walimu. Mtakaa nyuma ya dirisha, na watu watasimama mbele yenu na karatasi. Fuateni sheria, asiye na hati aelezwe hivyo bila kufichwa, na mwenye kosa achukuliwe hatua. Lakini msimalize kusoma karatasi mkadhani mmemaliza kumsoma mtu. Na mkipewa kazi ya kuandika, ulizeni kila neno mnaloandika juu ya mwenzenu litafanya kazi gani siku ambayo ninyi hamtakuwapo.

Kwa wanachama wenzangu nina ombi moja. Kutoka hapa shuleni hadi Rusumo si mbali. Ni humu humu mkoani Kagera. Napendekeza chama chetu kichangie kila mwaka safari ya kidato cha tatu kwenda kuliona daraja lile: maporomoko, kituo cha umeme, malori, na maofisa wa nchi mbili katika jengo moja. Hawatahitaji pasipoti, kwa kuwa wataishia upande wetu. Wakiwa pale walimu wawaeleze habari za mwaka 1994 wakiutazama mto wenyewe. Mimi na wenzangu watatu tumekwisha kuweka fungu letu kwa Mtunza Hazina, na risiti tunayo. Iko kwenye faili.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.