Saa Kati ya Magharibi na Isha: Ramadhani Inapoondoka Binza

Mtu anayefunga Ramadhani Unguja hubebwa na mji mzima. Mchana migahawa mingi hufungwa, njiani ni nadra kumwona anayekula, na alasiri ikizama mtaa mzima unanukia futari. Anayefunga Binza, mkoani Simiyu, hana mji wa kumbeba. Waislamu ni wachache katikati ya Wasukuma walio Wakristo na wale wanaoshika mila za wazee. Mama lishe wa stendi anapakua wali saa sita mchana kama siku yoyote, na shambani mfungaji hupalilia mstari mmoja na shemeji yake aliyekunywa uji asubuhi.

Na bado anafunga.

Mada hii, iliyoandaliwa kwa semina ya Waislamu wa Binza, inaanzia hapo kwa makusudi. Swali lililo mezani ni la miaka yote: kwa nini mabadiliko ya Ramadhani hayadumu? Jibu lililozoeleka ni kwamba imani za watu hushuka, kwa hiyo wahimizwe zaidi. Khutba ya Ijumaa ya kwanza ya Shawwal huwa ni lawama tupu: safu zilikuwa saba, sasa ni mbili. Walaumiwa wenyewe hawapo kuisikia.

Ukiutazama mwezi unavyokwenda Binza, utaona mchana wake na usiku wake havifanani. Mchana mfungaji yuko peke yake kati ya watu wanaokula. Usiku ndio anapopata wenzake: tende na maji msikitini, magharibi kwa jamaa, futari ya mkeka mmoja, darsa fupi, isha, kisha tarawehe. Basi Idi ikipita, si mchana anaoupoteza. Kujizuia huku wengine wakila keshakuzoea. Muislamu wa Unguja ndiye anayelazimika kujifunza jambo hilo upya kila Shawwal. Anachopoteza mtu wa Binza ni ule usiku wa pamoja, na anaupoteza kwa siku moja. Jana msikiti ulijaa hadi saa tatu, leo baada ya magharibi kila mmoja amepanda baiskeli au bodaboda kurudi kwake, na miji ya Wasukuma imeachana, kila kaya na shamba lake. Kumwambia mtu huyo aongeze imani bila kumrudishia wenzake ni kumtaka ajitwishe peke yake mzigo uliokuwa ukibebwa na watu arobaini.

Hata Masahaba walilijua jambo hili. Katika Sahihi Muslim imo habari ya Hanzala, mmoja wa waandishi wa Mtume (rehema na amani zimshukie), aliyekutana na Abubakar akajishtaki kwamba amekuwa mnafiki. Sababu yake ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuibeba: wakiwa mbele ya Mtume, Pepo na Moto huwa kama vinaonekana kwa macho, wakirudi kwa wake, watoto na mashamba, mengi husahaulika. Abubakar hakumkemea. Alikiri kwamba yeye naye hujikuta hivyo, wakaenda wote wawili kwa Mtume, naye akawafahamisha kwamba lau wangedumu katika hali ile malaika wangewapa mikono vitandani na njiani, lakini mambo huenda kwa saa na saa. Tazama Hanzala alivyofanya alipohisi kupoa: alimtafuta mwenzake, na mwenzake akatembea naye. Khutba nyingi za Shawwal huikosa sehemu hii ya kisa.

Kipo pia kisa cha Abdullah bin Amr bin Al-As, kijana aliyetaka kufunga kila siku na kusimama usiku kucha. Mtume alimtaka apunguze: siku tatu kila mwezi. Kijana akadai anaweza zaidi, akaongezewa, akadai tena, mpaka akafika kwenye funga ya Nabii Daudi, siku moja kufunga na siku moja kula. Alipozeeka alitamani angeipokea ile nafuu ya mwanzo. Huyu huyu ndiye aliyeonywa asiwe kama mtu fulani aliyekuwa akisimama usiku kisha akaacha. Na Bibi Aisha amepokea kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni inayodumu, ijapokuwa kidogo. Ukiziweka habari hizi pamoja utaona kwamba tarawehe ya Binza haikukusudiwa kuendelea mwaka mzima. Anayejaribu kuibakiza Ramadhani yote hubaki bila kitu kufikia Dhulkaada.

Sura ya An-Nahl, aya ya 92, inaonya watu wasiwe kama mwanamke aliyesokota uzi wake ukawa imara, kisha akaufumua. Aya yenyewe inazungumzia viapo na ahadi, lakini watoa mawaidha wameisoma mara nyingi Ramadhani inapokwisha, na mkulima wa pamba wa Simiyu hahitaji kufafanuliwa. Anajua toka kokwa mpaka uzi kuna kazi gani.

Kitu gani basi kibakizwe? Mada hii inapendekeza saa moja: ile iliyo kati ya magharibi na isha.

Saa hiyo ina faida ambayo watu wa ukanda huu hawaihisi kwa kuwa wamezaliwa nayo. Simiyu iko kama nyuzi tatu tu kusini ya Ikweta. Jua huzama karibu na saa moja kasorobo jioni, Januari kama Julai, na isha huingia saa moja na dakika chache baadaye. Muislamu wa London mwezi wa Juni huisubiri magharibi hadi baada ya saa tatu usiku, na Desemba humkuta bado yuko kazini. Wa Binza ana saa ile ile mwaka mzima, jembe limeshawekwa chini na duka limefungwa au linakaribia kufungwa. Funga nayo ni hivyo hivyo: saa 13 na ushei, iwe ni Ramadhani au Alhamisi ya mwezi wowote.

Kwa saa hiyo ya kila jioni Qurani yaweza kusomwa yote ndani ya mwaka, tena bila haraka. Msahafu wa chapa ya Madina, ulioenea katika misikiti mingi, una kurasa 604. Kurasa mbili kila jioni ni jioni 302. Kutoka Idi hadi Ramadhani inayofuata kuna siku 325 hivi, kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni siku 354 au 355. Zinabaki wiki tatu za akiba kwa wagonjwa, misiba na mvua. Khitma moja ya namna hii, ikisomwa na tafsiri yake ya Kiswahili, ina uzito ambao khitma ya mbio ya siku 29 haina, maana msomaji anapata nafasi ya kuuliza. Tafsiri zipo. Ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ilikuwa ikitoka kwa vijitabu, sehemu baada ya sehemu, hadi ikatimia mwaka 1969. Ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani ilifuata katika miaka ya 1990. Al-Farsy alikuwa Kadhi Mkuu, kwanza wa Zanzibar kisha wa Kenya, na kazi ile aliiendesha katikati ya shughuli hizo, juzuu kwa juzuu.

Si kila mtu atafika msikitini kila jioni. Umbali wa kaya za Binza haukubali. Usiku mmoja wa wiki unatosha kuwa wa wote, na usiku wa kuamkia Ijumaa una historia ndefu. Nguvu ya siku maalumu ilionekana katika twarika. Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kama Sheikh Ramiya, aliletwa Bagamoyo utotoni akiwa mtumwa kutoka upande wa Kongo, akasoma, akawa mwenye mashamba ya minazi na kiongozi wa twarika ya Kadiria mpaka alipofariki mwaka 1931. Kadiria ilienea kutoka pwani hadi bara, na mojawapo ya mambo yaliyoifanya ishike ni mikutano isiyokatika, watu wale wale wakijua siku ile ile watakutana. Wapo Waislamu wasiokubaliana na dhikri za twarika, na mada hii haiingii katika mjadala huo. Atakaye uradi na atakaye darsa ya fikihi wote wanaihitaji siku isiyobadilika. Ratiba ya darsa inayosema "tutatangaziana" imekufa kabla haijaanza.

Wanawake wanastahili kutazamwa peke yao, kwa sababu kwao Ramadhani haijaisha Idi inapofika. Aliyekuwa na hedhi, aliyejifungua, mjamzito au mnyonyeshaji aliyekula anabaki na siku za kulipa. Deni hili huachwa liwe siri ya mtu mmoja, akilipa peke yake jikoni huku akiwapikia wengine mchana. Bibi Aisha amesimulia kwamba alikuwa na siku za Ramadhani asiweze kuzilipa ila katika Shaabani, kwa hiyo nafasi ni pana. Lakini katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Masunni wengi wa Afrika Mashariki, mwenye kuchelewesha bila udhuru hadi Ramadhani nyingine ikaingia hulipa na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Jirani wawili wakikubaliana kulipa Jumatatu na Alhamisi, mwenye siku saba anamaliza ndani ya mwezi, na futari inakuwa ya wawili. Kuhusu sita za Shawwal, zilizopokewa na Abu Ayub al-Ansari, bora kwa Mashafi ni kuziunganisha mara tu baada ya siku ya Idi, ila zinajuzu kutawanywa ndani ya mwezi. Wanaume wa msikiti wanaozihimiza sita kila baada ya sala wangefanya vyema kuwauliza kwanza wake zao wana siku ngapi za lazima, na nani atashika jiko siku hizo.

Ibada nyingine inayowasubiri wakulima imesahaulika karibu kabisa, nayo ni zaka ya mazao. Zaka ya fedha watu wameizoesha Ramadhani, na chakula cha msaada pia; yatima hupata mchele kwa wingi mwezi mmoja, kisha Shawwal hakuna anayebisha hodi. Zaka ya mazao haisubiri Ramadhani. Qurani, katika Sura ya Al-An'am, imeifungamanisha na siku ya mavuno. Mahindi na mtama vikifikia wasaki tano, yaani pishi 300, na vikiwa vimeoteshwa na mvua kama ilivyo kwa mashamba mengi ya Simiyu, haki ya mafukara ni moja ya kumi. Katika miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi. Mavuno huja kuanzia Mei. Yaani miezi miwili baada ya Idi, wakati ule mtu anaposema moyo umepoa, gunia liko uani linamsubiri alipime.

Pamba ina hesabu yake. Kwa Mashafi haimo katika mazao ya zaka kwa kuwa si chakula cha akiba. Imamu Abu Hanifa aliyapanua mazao hayo. Lakini fedha ya pamba, ikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu na ikakaa mwaka wa Kiislamu, ina zaka ya asilimia 2.5. Msimu wa kununua pamba hufunguliwa Mei, na wiki zile za malipo ya vyama vya ushirika vya mazao (AMCOS) ndizo zinazomjaribu mtu Simiyu: ngoma, pombe, kamari za simu, madeni yanayotakiwa kwa mpigo. Kama saa ya magharibi itabanwa kwa kukosa nafasi katika miezi mingine, basi isibanwe Juni na Julai. Mwenye fedha mpya mfukoni anahitaji mahali pa kwenda jua likizama.

Na yupo aliyesilimu mwaka huu. Ndugu zake wote si Waislamu, anawapenda, anakula nao, anazika nao. Ramadhani ilimpa watu wa kufuturu nao siku thelathini. Baada ya Idi Pili harudi kwenye nyumba inayosali. Anarudi kwenye nyumba ambayo yeye ndiye Muislamu peke yake. Huyu asingoje aulizwe Ijumaa kwa nini haonekani. Ateuliwe mtu mmoja, kwa jina, jirani yake, wa kusali naye magharibi angalau mara mbili kwa wiki na kumsahihishia Al-Hamdu bila haya.

Kalenda nayo inasogea. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Miaka ya mbele yake itaangukia Desemba na Novemba, msimu wa kupanda pamba. Mkulima wa Binza atakuwa na funga ya faradhi na shamba ambalo haliwezi kungoja, kwa pamoja. Kikundi cha saa ya magharibi kitakachokuwa kimezoea kufunga Alhamisi wakati wa palizi kitakuwa tayari kinajua nani ana jozi ya ng'ombe na plau ya kuazima, shamba la nani lianze, mzee yupi asishike jembe baada ya saa nne asubuhi, na kazi inaweza kuanza mapema kiasi gani baada ya sala ya alfajiri.