Mapenzi ya Mtoto na Masomo ya Shule
(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Mimi ni karani tu, wala si mwalimu. Lakini ndimi nipokeaye maombi ya karo yaletwayo mbele ya kamati yetu, na neno langu latoka katika kazi hiyo.

Nilipokuwa mtoto, hesabu za sehemu zilinishinda kabisa. Mwalimu aliziandika ubaoni, nami nilinakili bila kufahamu. Lakini kila jioni nilikwenda kwa fundi seremala, jirani yetu, kwa kuwa nilipenda sana kazi ya mbao. Huko nilishika futi mkononi, nikaona nusu, robo na thumni ya inchi. Somo lililonishinda darasani likanifungukia karakanani. Tangu hapo nimejua ya kuwa mapenzi ya mtoto si adui wa masomo, bali ni mlango wake.

Nchi yetu imelijaribu jambo hili zaidi ya mara moja. Mwaka 1985 mtaala wa 8-4-4 ulileta ufundi, kilimo na sanaa shuleni, na wazazi wakaombwa kujenga karakana. Baadaye, kazi za mikono zilipoondolewa katika mtihani wa shule ya msingi, shule nyingi ziliziacha. Maana kisichotahiniwa hakifundishwi. Mtaala ulioanza nchini kote mwaka 2019 umeirudia nia ile. Januari 2026 wanafunzi wake wa kwanza waliingia Darasa la Kumi kwa njia tatu: ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na michezo.

Hapa ndipo penye neno zito. Fomu yetu huuliza alama za mtoto, jina la mzazi na mapato yake. Haiulizi mtoto apenda nini. Tena nimesikia ikisemwa kwamba fedha zetu ziwaendee wa sayansi peke yao. Tukifanya hivyo, mtoto wa maskini atafuata njia yenye karo, wala si njia aliyojaliwa. Mtoto wa tajiri ndiye atakayechagua.

Wazee watanijibu: Mchagua jembe si mkulima. Ni kweli. Mapenzi ya mtoto hubadilika, na lugha na hesabu zawapasa wote. Lakini hakuna mkulima ampaye mtoto jembe la mtu mzima, kisha akamlaumu kwa kutolima.

Basi naomba mambo mawili. Kwanza, fomu iongezwe mstari mmoja, mtoto aandike kwa mkono wake apendalo na sababu yake. Pili, msaada utolewe kwa njia zote tatu, kwa kutazama bidii na haja. Na kabla ya mzazi kutia sahihi, aketi na mwanawe, amwulize, kisha anyamaze amsikilize.